Laptopu ndogo yatosha kuendesha seva, ugumu uko kwenye funguo

Kompyuta mpakato ndogo zilizokwisha kutumika katika ofisi za Ulaya na Marekani, zile ambazo mitaani huitwa laptopu za mtumba, zina sababu mpya ya kufika sokoni. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazitimizi masharti ya Windows 11. Mashine za namna hiyo huondolewa katika ofisi za nje zikiwa bado nzima. Kwa karani anayetaka Windows ya kisasa, hiyo ni mali inayoshuka thamani. Kwa fundi anayesimamia kompyuta za wateja wake akiwa mbali, ni chombo kamili cha kazi.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Arusha kutokana na jinsi biashara za mji huu zilivyotawanyika. Mtu mmoja anaweza kuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini, stoo Usa River na tawi Karatu, kilomita 140 hivi kwa barabara. Mwingine ana ofisi ya utalii Njiro na nyumba ya wageni upande wa Momella, chini ya Mlima Meru. Kila mahali pana kompyuta moja inayoshika mauzo, stoo au nafasi za wageni. Mafundi huiita seva, ingawa mara nyingi ni kompyuta ya kawaida tu iliyosukumwa chini ya kaunta karibu na ndoo ya deki. Ikigoma Jumamosi mchana, karani hana bei, hana salio la stoo, na mteja anavuka barabara kwenda kwa jirani.

Dawa ya zamani ilikuwa nauli. Fundi alipanda basi, akafika jioni, akabonyeza vitufe kwa dakika kumi, akalala gesti, akarudi kesho yake. Mwenye duka alilipia siku mbili kwa kazi ya dakika kumi. Kusimamia mitambo kutoka mbali ni kuikata nauli hiyo. Fundi aliyekaa Sakina anaingia ndani ya kompyuta ya Karatu, anaona diski imejaa, anafuta kumbukumbu za zamani zisizohitajika, anaiwasha upya programu ya mauzo, na karani anaendelea kuuza. Swali linalofuata ni la haki: kazi nzito namna hiyo inawezekanaje kwa laptopu ya bei ya simu ya mkononi?

Mzigo unabebwa na seva

Jibu ni kwamba laptopu haifanyi kazi hiyo. Inayofanya ni seva. Laptopu inapeleka amri zilizoandikwa na kupokea majibu yaliyoandikwa, basi. Kioo cha kawaida cha amri kina mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja, yaani herufi 1,920 kikijaa chote. Modemu ya zamani iliyopitisha biti 9,600 kwa sekunde ingekijaza kioo hicho kwa sekunde mbili hivi. Laini ya simu ya leo, hata ile inayochechemea, kwa kawaida hupitisha zaidi ya hapo. Ndiyo maana fundi anayetumia amri za maandishi anaweza kushinda siku nzima kwenye bando dogo. Mwenzake anayetaka kuiona picha nzima ya kompyuta ya mteja, na mshale ukitembea juu yake, hutumia data mara nyingi zaidi, na bado picha inakwama.

Kwa hiyo sifa zinazopandisha bei ya laptopu dukani, kama vile kioo kipana, kadi ya picha na kasi ya michezo, hazina faida hapa. Kinachotakiwa ni kibodi inayoandikika, betri inayodumu, uzito mdogo, na mashine inayokubali programu ambazo bado zinahudumiwa na watengenezaji wake.

Dunia ililijaribu wazo hili mapema. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa Eee PC, laptopu ya kioo cha inchi 7, uzito chini ya kilo moja, kumbukumbu ya megabaiti 512 na hifadhi ya gigabaiti 4, ikiendeshwa na Linux. Baadhi ya wanunuzi waliona ni ndogo mno. Kwa wasimamizi wa mitandao udogo huo ulikuwa faida, kwani mashine iliingia katika mkoba pamoja na bisibisi na waya. Kufikia mwanzoni mwa 2013 Asus na Acer walikuwa wameliacha soko hilo, tableti zikachukua nafasi. Wazo lenyewe limehamia kwenye laptopu za ofisi za inchi 11 hadi 13, ambazo zilipokuwa mpya ziliuzwa kwa mameneja na sasa zinauzwa mtumba.

Programu kuu ya kazi hii haina bei. Inaitwa SSH, na ilitungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, baada ya wezi kunasa maneno ya siri yaliyokuwa yakipita katika mtandao wa chuo hicho. Kabla yake fundi alitumia Telnet, iliyopitisha neno la siri wazi kama maandishi ya kadi ya posta. SSH huyafumba mawasiliano yote njiani. Toleo lake la bure, OpenSSH, lilitoka 1999, na leo limo ndani ya Linux, ndani ya kompyuta za Apple na ndani ya Windows. Mteja akitozwa "leseni ya kuingilia" kwa ajili ya kazi ya SSH, anayo haki ya kuuliza ni leseni ya nani.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho mteja hakioni, nacho hutenganisha fundi mzoefu na mwanafunzi. Laini ikikatika katikati ya kazi, kwa mfano wakati hesabu za mwaka zinahamishiwa kwenye toleo jipya la programu, kazi yenyewe inaweza kufa ikiwa nusu na kuacha vitabu vimevurugika. Programu za tmux na GNU Screen, nazo ni za bure, huiacha kazi iendelee kwenye seva hata fundi akipotea hewani. Akirudi anaikuta ilipofika. Mfanyabiashara hahitaji kujifunza programu hizo. Inatosha kumuuliza fundi wake: laini ikikatika katikati, nini kinatokea? Jibu la kusitasita lina maana yake.

Amri ya Karatu inapitia Ulaya

Ugumu wa kwanza wa kweli ni anuani. Duka linalotumia intaneti ya laini ya simu kwa kawaida halina anuani yake peke yake. Linachangia moja na wateja wengine wengi wa kampuni hiyo. Ni kama nyumba ya kupanga yenye geti moja. Mpangaji anatoka apendavyo, lakini mgeni wa nje hajui abishe hodi chumba gani. Fundi hawezi kuingia moja kwa moja.

Njia inayotumika ni kuifanya kompyuta ya duka itoke yenyewe. Inaunganishwa muda wote na mashine ya tatu iliyokodishwa, ambayo ina anuani ya kudumu, na fundi naye anakwenda hapo hapo. Wawili hao wanakutana kwa mwenyeji wao. Mfereji wa siri kati yao hujengwa kwa programu kama WireGuard, iliyoingizwa rasmi ndani ya Linux Machi 2020 na ambayo ni nyepesi kiasi cha kutoichosha laptopu ya zamani. Kukodi mashine ndogo ya namna hiyo ni dola 5 hivi kwa mwezi.

Lipo swali moja ambalo wateja huliacha lipite: mashine hiyo iko nchi gani? Ikiwa iko Frankfurt au London, amri inayotoka Sakina kwenda Karatu inashuka Dar es Salaam, inapita chini ya bahari hadi Ulaya, kisha inarudi njia hiyo hiyo. Siku za kawaida tofauti ni sehemu ndogo ya sekunde, na hakuna anayeiona. Mei 12, 2024 ilionekana. Nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika kusini mwa bara, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Mwenye biashara ambaye kompyuta zake zote ziko mkoani Arusha alijikuta ametenganishwa nazo na hitilafu iliyotokea baharini, maelfu ya kilomita kutoka kaunta yake.

Mashine ya mkutano ikiwa hapa nchini, mambo ni tofauti. Tangu 2004 Dar es Salaam ina kituo cha TIX, ambako makampuni ya intaneti hubadilishana mawasiliano ya ndani bila kuyatoa nje, na Arusha ina kituo chake, AIXP, tangu 2006. Mawasiliano kati ya mteja na mteja wa makampuni yaliyounganishwa hapo hayategemei nyaya za baharini. Kukodi mashine ndani ya nchi huenda kukagharimu zaidi ya dola 5. Kwa mtu ambaye mauzo ya siku moja ni makubwa kuliko kodi ya mwaka mzima ya mashine hiyo, kubishania tofauti hiyo ni kupoteza muda.

Inafaa kukumbuka mji huu umetoka wapi. Miaka ya 1990 barua pepe ya Arusha ilipita kwenye waya wa simu, na Arusha Node Marie, chama cha watumiaji ambacho baadaye kilizaa Habari Node, kilikuwa miongoni mwa walioisambaza. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokaa katika jengo la AICC kuanzia 1995 hadi ilipofungwa 2015, na baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki, zilileta wateja waliotaka laini isiyokatika. Hata hivyo kabla ya waya wa SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009, mawasiliano ya nje yalitegemea setilaiti, ambako amri moja ilikwenda na kurudi kwa zaidi ya nusu sekunde. Kuandika kwa mtindo huo ni kama kuongea na mtu aliye ng'ambo ya korongo. Kazi ilifanyika, ila kwa uvumilivu.

Mlima nao una neno lake. Mitambo ya redio inayorusha intaneti kutoka mnara hadi paa la mteja inahitaji kuonana uso kwa uso. Kusini, kuanzia Ngaramtoni hadi Tengeru na Usa River, si vigumu kupata mahali panapoonana na mji. Ng'ambo ya pili, upande wa Ngarenanyuki, Meru yenyewe imesimama katikati, mita 4,566. Mwenye nyumba ya wageni huko hawezi kuahidiwa kilekile anachoahidiwa mwenzake wa Tengeru, na anayeahidi bila kupanda juu ya paa kuangalia anafanya biashara ya maneno.

Yapo pia mambo ambayo hayatibiki kwa ufundi. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 ulizima seva za kaunta kabla ya kuzima kitu kingine chochote, kwa sababu betri ya akiba ya duka dogo hudumu kwa dakika, si kwa saa. Na kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Fundi mwenye laptopu bora kuliko zote hakuwa na la kufanya akiwa mbali. Waliosalimika ni wale ambao programu yao ya mauzo ilikaa ndani ya duka lenyewe na ambao karani wao alijua kuizima seva kwa utaratibu, kuiwasha, na kuchomeka diski ya nakala. Mambo hayo matatu yanafundishika kwa mchana mmoja.

Hesabu ya mwenye mtaji mdogo

Kijana anayetaka kuanzisha huduma hii, au ndugu anayetaka kumkopesha, ataona haraka kwamba laptopu ndiyo gharama ndogo. Tuchukue mfano wa mezani, si wa mtu fulani. Fundi ana wateja 8, kila mmoja analipa shilingi 60,000 kwa mwezi. Hiyo ni 480,000. Amenunua laptopu ya mtumba kwa 350,000 na anakusudia idumu miezi 24, hivyo kila mwezi inakula 14,600 hivi. Bando 40,000. Mashine ya kukodi 15,000. Safari za lazima, kwa kuwa diski iliyokufa haibadilishwi kwa simu, 60,000. Jumla ya gharama ni 129,600, na kinachobaki ni 350,400.

Angekuwa amenunua laptopu mpya ya shilingi 1,500,000 kwa muda ule ule, ingekula 62,500 kwa mwezi, na wateja wake wasingepata huduma bora hata kidogo. Tofauti ya 47,900 kila mwezi ni karibu mteja mmoja mzima anayefanyiwa kazi bure.

Kinachoiwekea biashara hii mpaka ni saa za fundi. Wateja 8 wakitulia ni kazi ya asubuhi mbili kwa wiki. Wanne kati yao wakiharibikiwa usiku mmoja baada ya umeme kurudi kwa kishindo, ni jambo jingine. Mkopeshaji anayeangalia idadi ya wateja peke yake ataona faida ikipanda hadi 15 au 20, na hataona kwamba kuanzia hapo fundi anahitaji msaidizi, na msaidizi anahitaji kupewa kuingia kwenye kompyuta za watu.

Sokoni nako kuna mitego. Zile laptopu ndogo kabisa za miaka ya 2008 hadi 2010 bado zinaonekana mara moja moja, bei ya kutupa. Nyingi zina akili ya biti 32, na Debian, mojawapo ya Linux zinazotegemewa zaidi na mafundi, iliacha kutoa toleo la kusimika kwenye mashine za namna hiyo ilipotoa toleo la 13 Agosti 2025. Mashine isiyopata marekebisho ya usalama haifai kushika funguo za duka la mtu. Rahisi huvunja upishi. Mashine za biti 64 zilizokataliwa na Windows 11 hazina tatizo hilo. Linux ya kisasa inakaa juu yake bila shida.

Mashine iliyotoka ofisini huenda ikawa bado imefungwa na neno la siri la mwenye nyumba wa zamani, lile linaloulizwa kabla hata Windows haijaanza. Chromebook iliyokuwa ya shule au kampuni huweza kubaki chini ya usajili wao hata ikifutwa. Muuzaji aiwashe mbele ya mnunuzi hadi mwisho, bila chaja, na iachwe iende angalau nusu saa. Betri ya mtumba ndiyo inayokufa kwanza. Mashine inayochajiwa kwa waya wa USB-C ina faida ya ziada kwa mtu wa safari, kwani inaweza kula umeme wa gari au wa betri ya mfukoni.

Funguo za nani?

Mafundi wazuri hawatumii neno la siri kuingia kwenye seva. Wanatumia jozi ya funguo. Nusu moja, ambayo si siri, inawekwa kwenye seva kama kitasa. Nusu nyingine inakaa ndani ya laptopu ya fundi, na aliye nayo anafunguliwa. Utaratibu huu ni imara sana kuliko maneno ya siri, ambayo wezi wa dunia hujaribu kuyabahatisha usiku na mchana kwa mashine. Hatari yake ni moja: laptopu ya shilingi 350,000 imekuwa mkungu wa funguo za maduka 8.

Laptopu hiyo husafiri kwa daladala. Ikiibwa, mwizi wa kawaida ataiuza kwa bei ya kutupa bila kujua amebeba nini, lakini hakuna anayeweza kupanga biashara kwa kutegemea ujinga wa mwizi. Kinga ipo na haina gharama. Diski nzima ifumbwe, kazi ambayo Linux huifanya wakati wa kusimikwa kwa kuchagua tu. Ufunguo nao uwekewe neno lake. Kisha kitasa cha laptopu iliyopotea kiondolewe kwenye kila seva siku hiyo hiyo, na hilo linahitaji fundi awe na mashine ya pili yenye ufunguo wa pili. Kwa sababu hii laptopu mbili za 350,000 ni mali bora kuliko moja ya 1,500,000.

Wenye maduka wanaotumia Windows wana jambo lao. Njia ya kuiona kompyuta kwa mbali iliyomo ndani ya Windows hupita katika mlango namba 3389, na kuuacha mlango huo wazi kwa dunia nzima kumekuwa mojawapo ya njia zinazotumiwa sana na wahalifu wanaofunga mafaili na kudai fedha. Mlango huo uwe ndani ya mfereji wa siri, kamwe usiwe nje yake. Fundi aliyeuacha wazi "kwa muda" ili amalize kazi haraka hajamsaidia mteja.

Lakini hasara nyingi za namna hii hazianzi kwa wezi. Zinaanza kwa mazoea. Mwenye duka anamwita fundi "kijana wetu wa kompyuta", hakuna maandishi kati yao, na funguo zote ziko kwa kijana huyo peke yake. Siku anapopata ajira Dar es Salaam, au wanapokosana kwa ajili ya malipo ya miezi miwili, mwenye duka anagundua kwamba hawezi kuingia kwenye kompyuta aliyoinunua kwa fedha yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lenyewe ndilo lililofungiwa. Kumlaumu kijana hakutoshi. Hakuna aliyemwambia funguo ni za nani.

Sheria inasema zaidi ya wengi wanavyodhani. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa. Fundi ambaye mkataba wake umekwisha na bado "anapita kuangalia" anajiweka pabaya, hata kwa nia njema, na bila maandishi hakuna anayeweza kuonyesha idhini ilianza lini na iliisha lini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtazama pia mwenye biashara aliyekusanya taarifa. Nyumba ya wageni yenye nakala za pasipoti kwenye seva haiwezi kusema kwamba hayo ni mambo ya fundi. Aidha, Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitangaza kwamba watu na makampuni yanayotumia mifereji ya VPN kwa shughuli zao yatoe taarifa kwake, ikitaja faini na kifungo kwa wanaokiuka. WireGuard ni VPN. Mteja amuulize fundi kama jambo hilo limeshughulikiwa, na kwa jina la nani.

Mashine ya EFD ibaki nje ya mpango wote huu. Ina msambazaji wake aliyeidhinishwa na TRA, na si ya kuguswa na fundi wa seva.

Mkataba unaotosha ni karatasi moja. Uandike kompyuta zinazohusika, saa ambazo fundi anaruhusiwa kuingia, na siku ambayo idhini inakoma. Useme kwamba kila mtu anaingia kwa ufunguo wake mwenyewe, msaidizi naye akiwa na wake, ili kumbukumbu za seva zionyeshe ni nani aliingia na lini. Useme nakala za akiba zinakaa wapi, na kwamba mara moja kila miezi mitatu moja kati yake inarejeshwa kwenye kompyuta nyingine mbele ya mwenye duka, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haijulikani kama ni nakala au ni faili tupu.

Na uandike ufunguo wa mwenye mali. Namna rahisi ni hii: mwenye duka ananunua laptopu yake moja ya mtumba, ile ya bei ya chini kabisa inayokubali Linux ya sasa. Fundi anaitengenezea ufunguo wenye mamlaka kamili, anaionyesha ikiingia kwenye kila seva, kisha inazimwa na kufungiwa kwenye sefu pamoja na hati ya kiwanja. Neno lake la siri linaandikwa kwenye karatasi na kuwekwa mahali pengine. Kila baada ya miezi mitatu, siku ile ile ya kurejesha nakala, inatolewa, inachajiwa, inaingizwa marekebisho, inajaribiwa na kurudishwa. Siku fundi akiondoka, yeyote atakayekuja badala yake ataanzia hapo, na kazi yake ya kwanza itakuwa kuondoa vitasa vya mtangulizi wake.